Gari la Baba Liliondoka Likitutazama

Juzi nilikaa nje ya duka la dawa hapa Magomeni ya Mtwara, namsubiri mjukuu aninunulie dawa ya mgongo, ikapita pikapu inavuta tela, na juu ya tela kuna gari dogo limefungwa kwa mikanda. Nililiangalia mpaka likakata kona. Mjukuu alipotoka akaniuliza, Bibi mbona unalia? Nikamwambia ni vumbi. Naye si mjinga, barabara yenyewe ya lami na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, lakini alinishika mkono tukaondoka. Watoto wa siku hizi wana adabu zao, msiwaseme sana.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu ninao na majuto ninayo, na wote tunalala nyumba moja. Haya ninayosimulia si majuto yangu hasa, ni ya watu wawili niliowapenda, mmoja nikiwa najua kwamba nampenda na mwingine nikiwa sijui. Wenyewe hawakuambiana. Basi nayasema mimi.

Baba yangu alikuwa na gari. Wakati ule mtu wa Magomeni kuwa na gari halikuwa jambo dogo. Lilikuwa la rangi ya maziwa, alilinunua kwa Mzungu mmoja wa bandarini aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, akalifanya teksi. Alibeba maharusi, alibeba wagonjwa, na siku moja alikubali kubeba kapu la samaki kutoka Mikindani, harufu yake haikutoka tena maisha. Viti vya nyuma vilikuwa vya plastiki nyekundu, na jua likiwaka vilikushika mapaja ukajuta kuzaliwa. Mimi nilivipenda hivyo hivyo. Jioni Baba akirudi nilikimbia kufungua mlango wa nyuma, naingia, nakaa peke yangu kama tajiri, na yeye ananiuliza kwa heshima, "Mama, nikupeleke wapi?" Namwambia nipeleke kwa Bibi Mikindani. Anazunguka nyumba mara moja, anasimama, ananifungulia mlango, ananiambia tumefika.

Kisha akaugua. Alianza na homa, homa ikawa kifua, na dawa za hospitali zikamchosha. Ndugu zake wakaja wakasema apelekwe kwao Mahurunga akatibiwe na watu wanaomjua. Waliondoka naye kwa lori la watu, gari lake likabaki uani kwa sababu Baba alikuwa amelala kitandani muda mrefu, halina mtu wa kuliwasha, na betri ilikwisha kufa. Mimi nikapelekwa Mikindani kwa Bibi, mama yake Mama. Nilikaa huko mpaka nikazoea, nikaanza hata kuvua kaa na watoto wa kule.

Niliporudishwa nyumbani nilimkuta Mama amevaa nguo nyeupe tupu, hajapaka wanja, hatoki nje. Wanawake wanaingia na kutoka, wanazungumza kwa sauti ndogo. Nilipouliza Baba yuko wapi nikaambiwa bado anatibiwa, akipona atakuja. Ndivyo wakubwa wa zamani walivyokuwa. Mtoto kwao alikuwa kigoda, kinasogezwa kikizuia njia. Walidhani wananionea huruma. Watoto wa jirani nao walikwisha tishiwa bakora, hakuna aliyefungua mdomo mbele yangu. Mnaniuliza je, kweli sikujua? Nilikuwa mdogo, shule sijaanza, lakini nilikuwa na macho. Nadhani kuna sehemu ya moyo ilijua, na sehemu nyingine ikaambiwa na mimi mwenyewe inyamaze.

Hapo ndipo alipokuja Kaka Bakari. Alikuwa mtoto wa dada yake Baba, kijana mrefu, mpole mpaka anakera, anayejua kufungua injini na kuifunga. Na ili mwelewe aliyekuja kufanya, lazima niwaambie jinsi watu wa baba yangu walivyokuwa. Kwao Mahurunga, kama kwa Wamakonde wengi wa pande zile za Ruvuma, ukoo hufuata upande wa mama. Mtu akifa, anayekalia nafasi yake si mwanawe bali mpwa wake. Mpwa ndiye huchukua alivyoacha, na mpwa ndiye hubeba alivyoacha, maana na mke na watoto wa marehemu huwa juu ya mabega yake. Kwa watu wa Mama, Waislamu wa Mikindani, mambo yalikuwa mengine kabisa. Kwao mali ya baba ni ya mjane na watoto wake, hakuna mjadala.

Kaka Bakari alisema wazee wa Mahurunga wanataka gari lifike nyumbani, lionekane mbele ya ukoo, naye asimikwe. Likishaonekana, atalitengeneza, atalirudisha Mtwara, aliendeshe teksi, na kila kitakachopatikana kitalisha nyumba hii. Hayo aliyasema barazani huku ameinamisha kichwa. Mjomba wangu, kaka yake Mama, akacheka kicheko kibaya. Akamwuliza tangu lini fisi akachukua mfupa kwenda kuuonyesha kwao kisha akaurudisha. Kaka Bakari hakujibu. Kule kwao mtu hajibizani na wakwe wa mjomba wake, hata wakimtukana. Kwa watu wa Mikindani mtu asiyejibu huhesabiwa ana hatia.

Kwa hiyo hakuna aliyemwamini, isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa na sababu zangu. Katika akili yangu mambo yalikuwa wazi kabisa. Baba yuko Mahurunga, amepona, lakini hana gari la kumrudisha. Gari linapelekwa. Kesho kutwa atarudi akiwa kwenye usukani. Niliwashangaa wakubwa kugombana juu ya jambo jema namna ile. Mwanamke mmoja aliniambia kuanzia sasa nimwite Kaka Bakari baba, nikamkatalia. Nilimwambia baba ninaye.

Mjomba alisema gari halitoki. Mama, kutoka chumbani, akasema litoke. Sijui kama alimwamini Bakari au alichoka tu, au aliona aibu kuwanyima watu wa mumewe. Mjomba alikasirika, akavaa kofia yake akaenda zake Mikindani.

Siku ya kuondoka ilikuja pikapu ya Mhindi mmoja mwenye duka Mikindani. Baba aliwahi kumkimbiza mke wa Mhindi huyo hospitali akiwa na uchungu wa uzazi, na tajiri yule hakusahau, akatoa pikapu, akatoa tela lake la kubebea magunia ya korosho, akatoa na dereva, Athumani. Haikuwa pikapu kubwa. Athumani alilizunguka gari la Baba akalipima kwa macho, akasema itavuta, ila polepole, na gari lipande kichwa mbele.

Mimi tangu alfajiri nilikuwa kazini. Nililiosha gari, au niseme sehemu zote nilizozifikia. Niliweka kofia ya Baba kwenye kiti cha mbele na kanzu yake nikaikunja pembeni, nilivyojua mimi kukunja, ili akute nguo safi. Wanawake waliniona, wakageukia ukutani. Mmoja alianza kulia na wenzake wakamtoa. Mimi nikasema moyoni, hawa nao, mgonjwa kapona wanalia.

Vijana wa mtaa wakaegemeza mbao kwenye tela, wakaanza kusukuma. Gari lilipokuwa limeshika mbao, Mama akaniita dirishani. Alikuwa nyuma ya pazia, sikumwona uso, niliona vidole tu. Akaniambia nikamwambie Bakari kwamba hataki kuliona gari la mumewe likiondoka limempa kisogo. Mwenyewe aliondoka amepakiwa kwenye lori, miguu mbele, hakupata hata kugeuka kumuaga. Basi gari angalau liondoke likiitazama nyumba.

Nilikimbia nikayasema yote kwa sauti, mbele ya watu. Athumani ndiye aliyezungumza kwanza. Alisema likigeuzwa injini itakaa nyuma, uzito wote utakwenda mkiani, na tela lililolemewa mkiani hucheza, hasa kwenye mteremko. Hakusema kwa ubishi. Alieleza kwa mikono yake.

Kaka Bakari alitazama dirisha. Ninamwona mpaka leo, ameshika kamba ya katani, jasho linamtiririka. Lile lilikuwa ombi pekee ambalo mjane wa mjomba wake alikuwa amemwomba. Walikwisha mwita fisi. Angekataaje?

Akasema, "Geuzeni."

Wakalishusha, wakalizungusha, wakalipandisha kinyumenyume. Wakafunga kamba, wakaweka mawe kwenye matairi. Kaka Bakari akaingia akaketi kwenye usukani, ashike breki ya mkono njiani, kwa kuwa kamba hakuziamini. Akachukua kofia ya Baba kutoka kwenye kiti akaiweka juu ya mapaja yake. Mimi nikapanda kwenye tairi la tela nikafika dirishani kwake. Nilimwambia, "Mwambie Baba asichelewe."

Alinitazama. Nadhani mpaka dakika ile hakujua kwamba sijaambiwa. Akasema, "Nitamwambia, Mama."

Aliniita Mama, kama Baba alivyokuwa akiniita. Pikapu ikavuta. Gari la Baba likaondoka likitutazama, taa zake mbili zimetukodolea, na Kaka Bakari ndani yake anatutazama vilevile, anakwenda kinyumenyume asikokuona. Nilimpungia mpaka mkono ukauma. Naye alinipungia. Kwenye dirisha la Mama pazia lilikuwa limefunguka kidogo, kisha likafungwa.

Kesho yake mchana Athumani alirudi na pikapu peke yake, bila tela. Alikaa barazani, akapewa maji, hakuyanywa. Alisimulia kwamba njia ya mchanga walikwenda salama, taratibu, mpaka pale barabara inapoteremka kuingia bonde la Ruvuma. Hapo tela likaanza kuyumba. Kidogo kwanza, kushoto kulia, akapunguza mwendo, likazidi, likawa linaivuta pikapu nyuma yake kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Kamba zikakatika. Gari likateleza, likapinduka kando ya njia. Bakari alitupwa nje nusu, na mkono wa kulia ukabanwa chini ya mlango. Alikuwa hai. Mkono hauponi, alisema Athumani, mkono umekwisha.

Sikusikia habari za mkono. Nilisikia gari limepinduka. Nilipiga yowe. Nikajitupa chini, nikauliza, "Sasa Baba atarudi na nini?"

Wakubwa wote walikuwa pale. Wengine walitazama miguu yao. Ndipo sauti ya Mama ikatoka ndani, akaniita kwa jina langu kamili. Nikaingia. Akanipakata kwenye nguo zake nyeupe, ingawa nilikuwa na mchanga mwili mzima, akaniambia. Aliniambia kwa maneno machache tu, ya kweli, na alikuwa wa kwanza kuniambia. Sikulia tena. Nakumbuka niliuliza kama Kaka Bakari alikuwa anajua, akasema ndiyo, na nikakasirika naye kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye aliyeniahidi.

Gari lilibaki kule kule bondeni. Nasikia watu walichukua viti wakavifanya vya barazani, na bati likaziba paa la mtu. Sisi tulihamia Mikindani kwa Bibi, Mama akawa anapika vitumbua, na maisha yakaenda.

Kaka Bakari alikuwa anakuja. Kila baada ya mavuno, mpunga wa bondeni ukishakauka, alikuja na gunia begani, limeshikwa na mkono wa kushoto, wa kulia umejikunja kifuani. Injini hakuzigusa tena. Alilitua gunia barazani, akaomba maji, akayanywa amesimama, akauliza hali zetu na masomo. Kisha alikaa kidogo akiutazama mlango wa ndani. Mama hakutoka hata mara moja. Akisikia sauti yake tu, aliingia chumbani akafunga. Bibi ndiye aliyemkaribisha. Nami nilimwamkia shikamoo kwa ncha ya ulimi, nikakimbilia michezo. Nilijua Mama anamchukia, na nilidhani ana haki.

Halafu ukaja msimu mmoja, nikiwa msichana mkubwa sasa, nasoma. Alikuja, akatua gunia. Mama akaniita chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, mikono ameiweka katikati ya magoti. Akaniambia nimwambie Bakari alirudishe gunia lake, awapelekee wanawe. Nikatoka nikamwambia hivyo hivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Aliniuliza, "Amesema hivyo mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akainama, akalipandisha gunia begani kwa mkono ule mmoja, lilimshinda mara ya kwanza, nikamsaidia. Akaniaga vizuri. Hakuja tena.

Miaka imepita tangu hapo. Niliolewa, nikazaa, nikawazika wengi. Mama alipozeeka alikuja kukaa kwangu, na uzee ukamfungua mdomo, kama unavyowafanya wengi. Jioni moja nilikuwa nampepetea mchele, akaniambia nisiupepetee mbele yake. Nikacheka, nikamwuliza mchele umemkosea nini. Akasema, "Mkono wa Bakari niliukata mimi."

Nilisimamisha ungo. Alisema kila mwaka alitaka kutoka akampigie magoti, na kila mwaka miguu ilikataa. Dereva alionya, mtoto wa watu alisikia, lakini yeye Mama ndiye aliyelazimisha, kwa sababu ya kutaka kutazamwa na gari. Na wali ule kila akiupika haukumpita kooni, aliona anakula jasho la kilema aliyemlemaza mwenyewe. Ndiyo maana aliurudisha. Aliona bora wana wa Bakari wale. Nilimwuliza kwa nini hakunituma nimwambie hayo, akanitazama kama mtu anayeulizwa kitu kigumu. Akasema mambo mengine mtu hatumi mtoto.

Nilimwambia twende Mahurunga, nitakodi gari. Alisema twende, mvua zikikatika. Mvua hazijakatika, akafariki.

Baada ya arobaini nilikwenda mwenyewe, kuwapa taarifa watu wa baba yangu. Nilikuta Kaka Bakari naye alikwisha tangulia, muda si mrefu. Mke wake alinipokea, mwanamke mnene mwenye macho makini, Kiswahili chake kina lafudhi ya ng'ambo ya mto. Alinitandikia mkeka, akanipa pole ya Mama. Tukakaa. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, akanitangulia yeye.

Alisema mumewe alibeba jambo moja maisha yake yote. Walimkabidhi gari la mjane na mayatima, akaliangusha. Bakari mwenyewe alikuwa akisema angekuwa mwanaume angekataa kuligeuza, au angejua kufunga kamba. Mke wa mjomba wake hakutaka tena kumwona uso, naye Bakari hakumlaumu. Alipeleka mchele kila mwaka, si kwa kulipa, gari hulilipi kwa mchele, ila apate siku moja kuitwa ndani. Siku mchele uliporudishwa alilala chali mpaka asubuhi. Hakuwa tena na njia ya kurudi, maana alikwisha fukuzwa.

Kisha akanishika goti. Akaniuliza, "Niambie kweli, mwanangu. Mama yako alimsamehe?"

Nilimsimulia. Nilimsimulia dirisha na pazia, magoti yasiyopigwa, na wali usiopita kooni. Alinisikiliza bila kunikatiza, kanga ameishika mdomoni. Kuku waliingia wakala chenga kwenye ungo, hakuna aliyewafukuza.

Nilipomaliza akasema, si kwa uchungu wala kwa kulaumu, kama mtu anayeelewa hesabu iliyokwisha futwa ubaoni: "Kumbe walikuwa wanaogopana."

Nikasema ndiyo. Wenyewe walikuwa wamekwenda wote wawili, na mimi, niliyekuwa natoka chumbani kwa mmoja na kwenda barazani kwa mwingine, wakati ule hakuna aliyeniambia lililokuwa moyoni mwake.